Hema Likae Wapi? Kuchagua Mahali pa Kupiga Kambi katika Milima ya Usambara

Likizo ya katikati ya mwaka ikikaribia, na ile ya Desemba vilevile, vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Moshi, na siku hizi hata wa Mombasa na Nairobi, huulizana swali moja: tukipanda Lushoto, hema tulisimike wapi? Majibu wanayopewa yanapingana. Mmoja atasema ukingoni mwa genge la Irente, kwamba kulala kwingine ni kupoteza nauli. Mwingine atawaelekeza ndani ya msitu wa Magamba. Wa tatu atapendekeza bustani ya misheni au shamba lenye choo na bomba, na wa nne atawahakikishia kwamba Wasambaa ni watu wakarimu, hivyo popote penye kijito na majani mafupi panatosha. Wote wanne wana ukweli fulani mikononi. Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza anajibu swali la macho, wa pili la utulivu, wa tatu la starehe, wa nne la mfuko. Anayeuliza anaondoka na majibu manne asiyoweza kuyalinganisha.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kinachokosewa ni mpangilio wa maswali. Wengi huanza na mandhari, kisha huhangaikia maji, choo na ruhusa wakishafika na jua limeshazama. Kwa Usambara mpangilio huo unapaswa kupinduliwa. Lianze swali la maji na la mwenye ardhi, lifuate la umbo la ardhi na hali ya hewa, na mandhari iwe ya mwisho. Mandhari mtu anaweza kuifuata kwa miguu alfajiri, akaitazama hadi akatosheka, akarudi kunywa chai. Maji, joto na usalama ni vitu anavyolala navyo usiku kucha, na vikikosekana saa nane ya usiku hakuna pa kuvitafuta.

Milima isiyo na ardhi tupu

Anayeilinganisha Usambara na Kilimanjaro hupotea tangu mwanzo. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa. Mpandaji haruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na mahali pa kulala pameshapangwa: Mandara, Horombo na Kibo kwa njia ya Marangu, Shira, Barranco, Karanga na Barafu kwa anayepitia Machame. Wapi hema likae si swali la mgeni. Usambara Magharibi ni kinyume kabisa. Ni nchi ya vijiji, mashamba, shule, makanisa na misikiti iliyokaa juu ya mlima. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika Wilaya ya Lushoto, na ukiondoa misitu ya hifadhi, ni vigumu kupata huko kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Kile ambacho mgeni anakiona ni pori mara nyingi ni shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe wa mtu, au shamba la miti la serikali.

Historia imelitia jambo hili uzito zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo, na baadaye wa sehemu nyingine za Usambara, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wasambaa waliupinga mpango huo kwa nguvu hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman ameueleza kwa kina katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha 1990. Kuanzia 1981 mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani, uliirudia kazi ya kuhifadhi udongo kwa njia nyingine: mistari ya kontua iliyopandwa majani ya guatemala, miti, na ng'ombe wa kufugwa bandani. Ndiyo maana miteremko mingi anayoiona mgeni leo ni kazi ya mikono, na kila mstari wa majani una sababu ya kuwa pale ulipo. Watu waliowahi kuamriwa na wageni namna ya kutumia mashamba yao wana haki ya kutazama kwa makini hema lililochomoza shambani bila taarifa.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Kuingia na kulala humo ni kwa kibali na ada. Kwa hiyo milango ya kubisha ni mitatu tu: ofisi ya kijiji, ofisi ya TFS, au mwenye kiwanja anayepokea wageni. Mlango wa nne wa "hapa hapana mwenyewe" haupo.

Kuna pia baridi, ambayo watu wa pwani huidharau hadi iwakute. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, na sehemu za juu za Magamba hufika mita 2,000 na kuzidi. Usiku wa Julai ambao Dar es Salaam ina nyuzi 19, hesabu hiyo inaleta nyuzi 10 mjini Lushoto na 6 tu huko juu, kabla hujahesabu upepo na unyevu. Zaidi ya hapo, usiku uliotulia hewa baridi huteremka mabondeni kama maji na kutuama huko, ndiyo sababu kambi ya bondeni inaweza kuwa na baridi kali kuliko ya mteremko ulio mita 50 juu yake. Mvua nayo haigawanyiki sawasawa. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi huumwaga unyevu wao zaidi upande wa kusini na mashariki, na upande unaoelekea nyika ya Mkomazi, kwenye vijiji vya Mambo na Mtae, huwa mkavu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya kuanzia Oktoba hadi Desemba, hubadilisha thamani ya kila kiwanja.

Ukingoni mwa genge

Hoja ya wanaotetea ukingo ni rahisi kuielewa, na haifai kubezwa. Irente, kilomita 6 hivi kutoka mjini Lushoto, ardhi inakatika ghafla, na chini yake kuna tambarare ya Mazinde pamoja na reli ya Tanga na barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha. Kaskazini kabisa, Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyika ya Mkomazi ikiwa zaidi ya mita elfu moja chini, na siku hewa ikiwa safi Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Mtu aliyesafiri siku nzima ana haki ya kutaka kufungua zipu ya hema na kukutana na hayo yote. Tena ukingo una faida moja ya kiafya na ya starehe: kuna hewa kavu, mbu wachache, na hema hukauka haraka jua likitoka.

Lakini ukingo ndio mahali ambapo mlima unakutana na upepo. Mchana tambarare ya chini hupata joto kali na hewa yake hupanda kwa kasi kwenye uso wa mwamba. Usiku mkondo hugeuka, na hapohapo pepo za msimu hupita juu ya mgongo wa mlima bila kizuizi. Udongo wa ukingoni ni mwembamba juu ya jiwe, kwa hiyo kigingi huingia vidole vitatu kikagonga mwamba, na hema lililofungwa kwa vigingi vya namna hiyo hushikiliwa na uzito wa waliolala ndani tu. Maji hakuna, kwa sababu yanayonyesha pale hukimbilia chini upesi, na chemchemi hutokeza mbali na kilele. Kila tone la kupikia na kunawia hubebwa kwa dumu. Choo nacho mara nyingi hakuna. Halafu kuna ukingo wenyewe, usio na uzio. Kikundi chenye watoto, au chenye watu waliokunywa, hakina sababu nzuri ya kulala hatua ishirini kutoka mahali ambapo hatua moja gizani haina marekebisho.

Kuna udhaifu mwingine unaosahaulika kabisa, nao unaigusa hoja ya mandhari yenyewe. Kati ya Juni na Agosti, kipindi chenye likizo ya katikati ya mwaka ambapo wageni wengi wa ndani hupanda Usambara, asubuhi za huko juu mara nyingi hufunikwa na ukungu ambao huchelewa kuondoka. Aliyevumilia upepo usiku kucha ili aone macheo huamka akiuona mlango wa hema lake na ukuta mweupe. Aliyelala kwingine huchungulia nje, akiona ukungu hulala tena, akiona mbingu safi huchukua tochi na kwenda. Sehemu za kutazamia nazo ni njia ya watu wote, wenyeji na wageni, mchana na usiku, na mali iliyoachwa hemani wakati kikundi kimeshuka mjini haina mlinzi.

Ndani ya msitu

Msitu wa hifadhi wa mazingira asilia wa Magamba una zaidi ya hekta 9,000, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayojulikana duniani kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Humo kuna mikulo mikubwa, mbega, kima, vinyonga wa aina za hukohuko, na ndege wanaowafanya watu wavuke bahari kuja kuwatazama. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya viumbe, msitu hauna mpinzani. Uhalali wake pia hauna utata: kuna ofisi, kuna kibali, kuna stakabadhi, na kulala ni mahali palipotengwa. Miti huvunja upepo ambao ukingoni ungeng'oa kamba. Na ada inayolipwa inabaki kuwa hoja moja ya kifedha kwamba msitu uliosimama una faida kuliko uliokatwa.

Gharama yake ya kwanza ni unyevu. Mawingu yanayopita kwenye msitu wa juu huacha maji juu ya majani, na majani huyadondosha usiku kucha hata kama mvua haijanyesha. Hema lililosimikwa chini ya miti hiyo siku mbili hubeba maji siku ya tatu, na hakuna jua la kulianika. Baada ya mvua za kwanza siafu hutembea kwa misafara, na msafara uliopangiwa njia yake hauzunguki hema. Dawa pekee ni kutazama ardhi kwa tochi kabla ya kulala, na kutoacha chakula wala zipu wazi. Matawi makavu huanguka. Haya yote yanavumilika kwa aliyejiandaa, na hayavumiliki kwa aliyekuja na hema la bei nafuu na blanketi moja.

Gharama ya pili si ya mpiga kambi, ni ya wengine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Misitu ya Usambara ni vyanzo vya maji. Mto Umba huanzia kwenye msitu wa Shagayu na kuteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Vanga, upande wa Kenya. Njiani watu wengi huutegemea. Shimo la haja lililochimbwa karibu na kijito kule juu ni tatizo la mama anayechota ndoo chini, ambaye hatamjua aliyelichimba. Kisha kuna moto. Jirani na misitu ya asili yako mashamba ya miti ya Shume, na sindano za msonobari zilizokauka mwezi wa Septemba huwaka kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 2020, mwezi Oktoba, moto mkubwa uliunguza sehemu ya Kilimanjaro, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ziliuhusisha na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kama watu wa kazi hiyo, waliozoea mlima, wanaweza kuhusishwa na moto wa namna ile, kikundi cha wanafunzi wanaochoma nyama kwa kuni hakina kinga yoyote. Kwa hiyo msitu unafaa kwa masharti: mahali palipotengwa penye choo, jiko la gesi, na si kuni.

Popote penye kijito

Msimamo wa nne una mvuto wa uhuru na wa gharama ndogo, na watetezi wake husema ukweli kuhusu ukarimu. Mgeni akipiga hodi Usambara atakaribishwa, pengine kwa chai na viazi. Lakini ukarimu huo ni wa aliyepiga hodi, na hoja ya "popote" inaruka hodi. Inachukua adabu ya mwenyeji na kuigeuza haki ya mgeni.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Mteremko mzima umeinama, na katikati yake kuna utepe wa ardhi iliyo sawa, laini, upana wa hema kamili, pembeni umezungushwa majani marefu yanayokinga upepo. Mgeni ataona kitanda alichoandaliwa. Utepe huo ni mstari wa kontua. Umesawazishwa makusudi ili maji ya mvua yasikimbie, yatulie pale na kunywewa na udongo. Mvua ya saa tisa usiku ikinyesha, mahali pa kwanza mteremkoni kujaa maji ni palepale hema lilipo, na ndivyo ulivyokusudiwa ufanye. Majani yaliyolaliwa au kukatwa ili kupisha kamba ni guatemala, chakula cha ng'ombe aliye bandani, aliyekatiwa kila siku kwa mundu na kubebewa kichwani. Kigingi kilichopigwa kwenye kingo hulegeza udongo ambao familia imeushikilia kwa miaka. Mgeni hakuiba kitu, na bado ameacha hasara.

Bondeni si nafuu. Mabonde ya Lushoto ni bustani za kabichi, karoti, nyanya na hoho zinazopelekwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na hulimwa karibu mwaka mzima kwa maji ya mifereji. Anayefungua mfereji alfajiri hatarajii kukuta hema katikati. Mboga hizo hupigwa dawa, na dawa hiyo, pamoja na samadi na sabuni za wanaofua, huingia kwenye kijito kilekile kinachoonekana safi kwa sababu kinapita juu ya mawe. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi dawa ya mimea. Kijito cha chini ya mashamba hakifai kunywa, kwa kipimo chochote, na hilo peke yake linaiangusha nusu ya hoja ya "penye kijito".

Uwanja wa mwenyeji

Unabaki msimamo ambao vijana wengi huuona kuwa wa wazee: kulala kwenye uwanja wa taasisi au mtu anayepokea wageni. Usambara ina utamaduni wa muda mrefu wa jambo hili. Shamba la Irente la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, linalojulikana kwa jibini na mkate wake, hupokea wapiga kambi. Wabenediktini wako Sakharani karibu na Soni, na masista wa Rangwi wamewalaza watembea kwa miguu wanaokwenda Mtae. Hoteli ndogo kadhaa nazo huruhusu hema kwenye bustani zao kwa bei iliyo chini ya chumba.

Nguvu ya uwanja wa namna hii haimo katika majani yaliyofyekwa wala mkate wa asubuhi. Imo katika kuwepo kwa mtu anayewajibika. Maji yana chanzo kinachojulikana, na unaweza kuuliza yanatoka wapi. Choo kipo na kina anayekisafisha. Jina lako limeandikwa kitabuni, hivyo usiporudi jioni kuna atakayeshtuka. Mtu akiugua usiku, kuna anayejua dereva wa kuamshwa, na katika milima yenye barabara za kona na utelezi hilo lina thamani kuliko vifaa vyote vya kambi. Hata kwa mazingira, shimo moja la choo lililojengwa vizuri na kutumiwa na wageni mia lina madhara madogo kuliko mashimo mia yaliyotawanyika.

Udhaifu wake ni wa kweli pia. Bustani ya taasisi ina semina, kwaya, jogoo na mbwa. Ina saa za kufunga lango. Nafasi ni chache na wakati wa likizo hujaa. Na fedha hukusanyika kwa wachache waliokwishakuwa na majengo, huku kijiji ambacho wageni hupita wakipiga picha kikiambulia vumbi la magari.

Pingamizi tatu

Ya kwanza husema: kulala penye bomba na lango si kupiga kambi, na aliyetaka hivyo angelipia chumba. Pingamizi hili lina moyo wa kweli, kwa sababu watu hutoka mjini ili wakae na giza na ukimya. Lakini linadhani kwamba upweke unapatikana Usambara kwa kukaa mbali na uwanja wa mwenyeji, na hiyo si hali halisi ya nchi yenye watu wengi hivyo. Aliyesimika hema shambani kwa mtu hupata hadhira ya watoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Upweke wa kweli uko katika saa za kutembea, kwenye njia za msituni alfajiri, na huo unapatikana popote ulipolala.

Ya pili ni ya gharama. Kwa mwanafunzi, ada ya uwanja kwa siku tatu inaweza kukaribia nauli. Hapa jibu ni kuhesabu gharama zote. Kambi isiyolipiwa hudai dumu la maji lililobebwa na bodaboda, kuni au gesi zaidi, na mtu wa kubaki kulinda vitu kila siku, ambaye naye alilipa nauli ili asione chochote. Kwa kikundi cha watu wanne au watano tofauti hupungua sana.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo inatoka kwa wanaoutetea uchumi wa vijiji: ukiwaelekeza wageni wote misheni na hotelini, umewanyima wenyeji. Nakubaliana na hangaiko hili kabisa, ila silikubali hitimisho lake. Mgeni anayelala shambani bila malipo hakiletei kijiji chochote pia. Kinachofaidisha kijiji ni kumlipa kijana anayejua njia, kununua viazi, mayai na matunda barabarani, kula kwa mama lishe, na, pale kijiji kinapokubali kupokea mahema, kulipa ofisini na kudai stakabadhi. Mwenyekiti au mtendaji aliyepewa taarifa mapema ni mwenyeji kamili, na kiwanja alichokuonyesha mbele ya watu ni uwanja wa mwenyeji hata kama hauna bustani.

Nini kichaguliwe, na nani

Ukiweka misimamo hii kwenye mizani, "popote" unaanguka wote, si kwa sababu ya ukali wa sheria bali kwa sababu mzigo wake hubebwa na mkulima. Mitatu iliyobaki inategemea nani anakwenda na lini. Familia yenye watoto, kikundi cha shule, na yeyote anayelala kwenye hema kwa mara ya kwanza waende uwanja wa mwenyeji ulio kati ya mita 1,200 na 1,500, maeneo ya Soni na Lushoto, wakaifuate Irente kwa miguu. Masika na katikati ya vuli hata wazoefu wafanye hivyo, maana barabara za vijijini hufungwa na maporomoko, na msitu haukauki. Msitu uwe wa Januari na Februari au Septemba, kwa mwenye mfuko wa kulalia wa baridi, jiko la gesi na kibali mkononi. Na miezi hiyo ndiyo inayodai uangalifu mkubwa wa moto. Ukingo ni wa mwenye hema imara na ruhusa, siku ambayo upepo umetulia jioni, bila watoto, na si chini ya hatua mia kutoka kwenye genge.

Popote atakapofika, mtu akague kiwanja kabla jua halijazama, maana huku giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Majani yaliyolala yote upande mmoja, na mchanga uliojipanga mistari, ni alama ya maji yaliyopita juzi. Bomba lifunguliwe, si kuulizwa tu. Njia ya kwenda chooni itembewe mara moja kukiwa na mwanga. Kisha aulize nani analala karibu na anaitwaje.

Kwa Mtae na Mambo kuna njia ambayo bado haijatumika vya kutosha. Vijiji vya ukingoni vimejengwa juu ya mandhari yenyewe. Umbali kati ya ua wa mtu na genge ni dakika chache. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutenga kipande cha ardhi mkutano mkuu ukiridhia, na kinachohitajika si mtaji wa hoteli: choo kilichojengwa vizuri, tenki la kuvuna maji ya mvua kutoka paa la ofisi au shule, ukuta wa miti wa kukata upepo, daftari la wageni, mlinzi wa usiku, na bei iliyobandikwa ukutani. Vijana wa kijiji wangepata ajira ya kulinda na kuongoza, na ada ingesomwa kwenye mkutano kama mapato mengine. Kijiji kikifanya hivyo, ukingo utapata maji, choo na mtu wa kuwajibika, na dhidi yake hoja itakayobaki na uzito ni ukungu wa Julai.